Mfumo Ukisema, Nani Ameshuhudia?

Dini zilizowahi kusimamisha mahakama zimeogopa jambo moja kwa pamoja: mtu kuangamizwa kwa kinywa kimoja. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 19, inamkataa shahidi wa pekee na kutaka wawili au watatu. Qur'ani, katika aya ya deni iliyomo Surat al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, inaamrisha deni liandikwe, na haiishii hapo. Anayemtajia mwandishi cha kuandika ni mdaiwa mwenyewe, yule ambaye maandishi yatamfunga; mwandishi anatakiwa aandike kwa uadilifu; na juu ya maandishi wanatafutwa mashahidi, ambao pamoja na mwandishi hawaruhusiwi kudhuriwa. Maandishi yapo, na bado watu wanahitajika. Hofu hiyo ya zamani imerudi maofisini kwa sura mpya. Mfumo wa kompyuta unaoendesha hesabu za taasisi ukisema fedha zimepungua, na mfanyakazi akasema hajachukua, taasisi ina haki gani ya kuuamini mfumo na kumwadhibu mtu? Nashikilia kwamba haina haki hiyo mpaka ilete vitu viwili ambavyo mfumo wenyewe hauwezi kuvileta: shahidi wa pili aliyelijua jambo kwa njia yake mwenyewe, na mtu wa kubeba dhima ya neno lililosemwa.

Mifumo ninayoizungumzia ni ile jumuishi ambayo wataalamu huiita ERP: SAP na Oracle katika makampuni makubwa, na jamaa zake serikalini kama MUSE kwa Tanzania na IFMIS kwa Kenya. Inaunganisha manunuzi, stoo, mishahara, mauzo na hesabu mahali pamoja, ili taarifa ikiingizwa mara moja kila idara iione. Wauzaji huinadi kwa ahadi ya chanzo kimoja cha ukweli, na ahadi hiyo si ya kubezwa: ofisi ambayo uhasibu una tarakimu zake, stoo ina zake na manunuzi wana zao, hupoteza nusu ya mwaka ikibishana. Lakini tutazame kinachopotea. Zamani saruji ikiagizwa, ofisa manunuzi alitoa hati ya kuagiza. Lori likifika, mtunza stoo alihesabu mifuko, akaandika hati ya kupokea mali na kubadilisha idadi kwenye kadi ya stoo. Muuzaji naye akaleta ankara. Mhasibu alizitandaza karatasi tatu mezani na hakulipa mpaka zikubaliane. Hao walikuwa watu watatu wenye maslahi tofauti, kila mmoja ameandika kwa mkono wake alichokijua kwa njia yake. Ulikuwa ushahidi kamili, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Kwenye mfumo, kulinganisha hati tatu bado kupo na kunafanyika kwa sekunde. Ila hati ya kupokea mara nyingi huzaliwa na hati ya kuagiza: skrini inamletea mtunza stoo idadi iliyokwisha kujazwa, mifuko 600, naye anabonyeza kuthibitisha. Asipohesabu, hati mbili zitakubaliana bila wasiwasi wowote, kwa kuwa ya pili ni nakala ya ya kwanza.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Kukubaliana si kuthibitishana. Mashahidi wawili wana thamani kwa sababu wangeweza kutofautiana. Wakiwa wamefundishwa maneno na mtu mmoja, kadhi au hakimu yeyote mwenye akili huwahesabu kuwa mmoja. Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha kanuni za uhasibu wa maingizo mawili mjini Venice mwaka 1494, alimshauri mfanyabiashara aanze vitabu vyake kwa jina la Mungu, kisha avipeleke kwa ofisa wa biashara ili iandikwe rasmi ni nani atakayeandika humo na kwa mwandiko wa nani. Ni mfumo uleule wa debiti na krediti unaotumika leo ndani ya kila programu ya hesabu, lakini yeye alijua kwamba kulingana kwa pande mbili za leja hakutoshi, kwa sababu pande zote mbili zimetoka mkono mmoja. Programu ikiandika kiasi kisicho sahihi upande wa kushoto, itaandika kiasi kilekile upande wa kulia, na mizania itakaa sawa. Leja isiyo na dosari hata moja inaweza kuwa inasimulia jambo ambalo halikutokea.

Na hata pale mfumo unapofanya kazi bila hitilafu, hausemi kilichotokea tu; unasema kilichotokea kwa namna uliyofundishwa kukiona. Thomas Davenport aliandika katika Harvard Business Review mwaka 1998 kwamba mfumo wa aina hii huja na mantiki yake na kuilazimisha taasisi iifuate, na utafiti mwingi uliofuata umekuwa ukitembea katika njia hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliuacha mradi wake wa SAP baada ya kutumia takriban euro milioni 500. Mojawapo ya vikwazo vilivyoripotiwa ni kwamba Lidl ilizoea kuthamini mali iliyomo stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Thamani ya katoni ya maziwa, basi, hukubaliwa kwanza na watu ndipo mashine iihesabu. Anayetoa ripoti ya mfumo kama ushahidi anatoa pia, bila kusema, makubaliano yote yaliyomo ndani yake.

Kesi inayoonyesha haya kwa ukatili mkubwa zaidi ni ya Posta ya Uingereza. Mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL iliyoingia chini ya Fujitsu, ulianza kusambazwa kwenye ofisi ndogo za posta mwaka 1999. Ulikuwa mfumo wa mauzo na hesabu za matawi, mdogo kuliko ERP kamili, lakini wa ukoo uleule: kila muamala unaingizwa mara moja, na hesabu ya kituo kikuu ndiyo hesabu. Mawakala waliosimamia ofisi hizo, wengi wao wakiwa watu wa kijijini wenye duka dogo na kaunta moja ya stempu na pensheni, walibanwa na mkataba kulipa upungufu uliotokea. Upungufu ukaanza kutokea. Jo Hamilton, wa kijiji cha South Warnborough, alipiga simu kwenye dawati la msaada akiwa na pengo la takriban pauni 2,000. Akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na pengo likaongezeka maradufu mbele ya macho yake. Aliweka rehani nyumba yake. Mwishowe alikiri kosa la kughushi hesabu ili aepuke shtaka la wizi, na wanakijiji wakamchangia fedha za kulipa, maana walimjua. Hukumu yake ilifutwa na Mahakama ya Rufani mwezi Aprili 2021, pamoja na za wenzake 38. Kwa jumla watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, wengi wakishtakiwa na Posta yenyewe, ambayo ilikuwa mdai, mpelelezi na mwendesha mashtaka kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 Bunge lililazimika kutunga sheria ya kufuta hukumu zilizobaki kwa mkupuo. Uchunguzi wa umma unaoongozwa na Sir Wyn Williams ulieleza mwaka 2025 kwamba huenda watu 13 au zaidi walijiua kwa sababu ya mateso hayo.

Hitilafu zenyewe hazikuwa za ajabu. Moja, iliyoitwa Callendar Square kwa jina la tawi la Falkirk, ilifanya kompyuta za ofisi moja zishindwe kupashana habari. Nyingine, ya Dalmellington, iligandisha skrini wakati wa kupokea fedha. Wakala akabonyeza tena, na kila alipobonyeza fedha zilezile zikaandikwa upya kama zimeingia. Fujitsu, kwa upande wao, waliweza kuingiza miamala kwenye hesabu za tawi kutoka mbali bila wakala kujua, jambo ambalo Posta ilikuwa ikilikana kwa miaka. Jaji Fraser aliyaeleza hayo katika hukumu ya Desemba 2019, kwenye kesi iliyofunguliwa na wadai 555 wakiongozwa na Alan Bates. Mimi linalonisumbua zaidi ya hitilafu ni hesabu ya mashahidi. Mawakala wengi walieleza kwamba dawati la msaada liliwaambia hakuna mwingine mwenye tatizo hilo. Mamia ya watu wasiojuana, kutoka Scotland hadi kusini mwa England, walikuwa wakisema jambo moja, na kila mmoja akasikilizwa kama sauti ya pekee. Mashine ilikuwa moja, ikasikilizwa kama mashahidi elfu. Ilichukua mpaka 2009, jarida la Computer Weekly lilipoandika habari za mawakala saba na Bates akawakutanisha wenzake katika kijiji cha Fenny Compton, ndipo ushahidi uliokuwepo siku zote ukaanza kuhesabiwa kuwa ushahidi.

Sheria ilisaidia upofu huo. Kifungu cha 69 cha sheria ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984 kilimtaka anayeleta rekodi ya kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Bunge lilikifuta kwa sheria ya mwaka 1999, mwaka uleule Horizon ilipoanza kusambazwa, na tangu hapo mahakama za England zikachukulia kuwa mashine ni nzima mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Lakini mshtakiwa ni mwenye duka la kijijini, na mashine iko kwa Fujitsu. Kanuni ya Kiislamu inayojulikana na kila aliyesoma fiqhi kidogo inamtwika mdai mzigo wa ushahidi, na anayekana inampa kiapo. Hapa mzigo ulipinduliwa: aliyedai alileta karatasi iliyochapwa, na aliyekana akaambiwa athibitishe kasoro za kitu asichoruhusiwa kukifungua. Kadhi, zaidi ya hayo, hakumpokea shahidi bila kuuliza habari zake. Palikuwa na tazkiya, watu wa kueleza kama huyu anayeshuhudia ni mwadilifu au ni mwongo wa siku nyingi. Horizon ilikuwa na historia ya makosa iliyoandikwa na mafundi wake wenyewe, na historia hiyo haikuwekwa mbele ya mahakama.

Msomaji wa fiqhi anaweza kunipinga papo hapo, na pingamizi lake ni zito. Madhehebu ya Shafi, yaliyotawala pwani yetu, yanakubali katika kesi za mali shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mdai. Na Majalla, sheria ya Waturuki iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, inakataa kufanyia kazi maandishi peke yake, kisha inayapokea yakiwa yamesalimika na shaka ya hila na kughushiwa. Basi wawili si lazima daima. Nakubali. Ila tuangalie kinachojaza nafasi ya shahidi wa pili: katika njia ya kwanza ni mtu anayeapa mbele ya Mungu, akijua kwamba akiapa uongo ameiweka roho yake rehani, katika ya pili ni uchunguzi wa maandishi yenyewe. Nafasi haiachwi tupu. Idadi ya wawili ilikuwa njia ya kulinda kitu kingine, nacho ni kwamba neno la kumdhuru mtu liwe na mwenyewe, na liweze kupimwa kwa jambo lililo nje yake. Mashine haina roho ya kuweka rehani. Haiogopi kitu, haioni haya, na haitaulizwa siku ya hesabu. Nikisema hivyo siidharau, kwani mizani nayo haiogopi kitu na tunaitegemea sokoni. Lakini mizani hukaguliwa na kugongwa muhuri na wakala wa vipimo, na mnunuzi anaweza kwenda kupima kilo yake kwingine.

Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi, ukiyauliza, hurudia maneno yaleyale tu. Watetezi wa mifumo ya leo watasema lawama hiyo imepitwa na wakati: mfumo wa kisasa una kumbukumbu za ndani zinazoonyesha nani aliingia, saa ngapi, akabadilisha nini, kwa hiyo unaweza kuulizwa na ukajibu. Ni kweli kwa kiasi fulani, na ni nafuu kubwa kuliko leja iliyofutwa kwa wembe. Lakini anayeweza kuuliza ni nani? Katika kesi za Horizon, kumbukumbu za kina zilikuwa kwa Fujitsu. Mkataba uliweka kikomo cha maombi ambayo Posta ingeweza kutuma kwa mwaka bila malipo ya ziada, na katika kesi nyingi kumbukumbu hizo hazikuombwa kabisa. Na hata zikisomwa, zinaonyesha jina la mtumiaji, hazionyeshi mtu. Kenya ililiona hilo mwaka 2015 katika kashfa ya huduma ya vijana kwa taifa, NYS, iliyohusu shilingi milioni 791, pale ofisa mmoja alipodai kwamba neno lake la siri ndani ya IFMIS lilitumiwa na wengine. Kama alisema kweli au la, mfumo wenyewe haukuwa na jibu. Ulijua nywila; vidole vilivyoiandika haukuvijua.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la mtu aliyeona wizi. Atasema: mnawapigania wanadamu, na wanadamu ndio waliokula fedha. Kabla ya mifumo hii vocha zilighushiwa, leja zilichanwa, stoo ziliungua usiku wa kuamkia ukaguzi, na mashahidi wenu watatu waligawana mgao jioni. Sina haja ya kumbishia. Kula njama kwa watu watatu si jambo la nadra, na mfumo umeifanya iwe ngumu zaidi. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba kwa kuwa watu hudanganya, basi ukweli umo ndani ya mashine. Tanzania, mwaka 2016, iliondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha ya mishahara. Watumishi hao hawakuwa nje ya mfumo. Walikuwa ndani yake, wana namba, vyeo na akaunti za benki, na kila mwezi mfumo uliwalipa bila kukosea hata shilingi. Waligunduliwa kwa uhakiki, baada ya wakuu wa mikoa kuagizwa mwezi Machi wahesabu watu: jina linaitwa, mtu anasimama au hasimami. Mwalimu anayeonekana darasani na mwalimu anayeonekana kwenye skrini ni taarifa mbili zilizopatikana kwa njia mbili, na serikali ilipozilinganisha ndipo ilipojua. Hoja ya mpinzani wangu, ikifuatwa mpaka mwisho, inadai mashahidi zaidi, haidai wachache.

Kuna pia wanaosema kwamba kosa la Uingereza lilikuwa la wanadamu, mameneja na mawakili walioficha walichokijua, na kwamba ni uonevu kuusingizia mfumo. Hao naona wananiunga mkono bila kukusudia. Ndiyo, walikuwa watu. Ila kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuwaona, kwa sababu sentensi iliyotumika mahakamani ilianza na Horizon: Horizon inaonyesha, Horizon imeandika. Mtu aliyeamua kutoomba kumbukumbu, fundi aliyejua hitilafu na kunyamaza, aliyesaini mashtaka, wote walijificha nyuma ya kitenzi ambacho mtendaji wake hana dhamiri. Dhambi iliyogawanywa kati ya idara kumi haipungui, lakini kila mwenye sehemu yake anaiona ndogo kiasi cha kulala vizuri. Hapo ndipo uharibifu wa kimaadili ulipo, na unaweza kutokea katika halmashauri, hospitali, chama cha ushirika au kampuni yoyote inayomkata mfanyakazi mshahara kwa sababu mfumo umeonyesha upungufu.

Sheria zetu zimeliona suala hili kwa nusu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, inaruhusu rekodi idhaniwe kuwa halisi pale penye ushahidi kwamba mfumo ulikuwa ukifanya kazi ipasavyo wakati husika. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti kilichosainiwa na mtu mwenye wadhifa juu ya mtambo. Zote mbili zinamrudisha mtu kwenye nafasi yake, na ziko mbele ya dhana ambayo Uingereza iliishi nayo. Wizara ya Sheria ya huko ilianza kukusanya maoni kuhusu kuibadilisha Januari 2025. Udhaifu wa sheria zetu ni kwamba anayesaini huwa ni ofisa wa taasisi ileile inayodai, na cheti huweza kugeuka fomu ya kujazwa. Afadhali anayesaini ahojiwe mahakamani kwa mdomo wake, aeleze hitilafu zilizowahi kuripotiwa, na upande wa pili upewe kumbukumbu zote bila malipo. Kuhusu kazi za kila siku, sidai kila muamala uwe na mashahidi wawili, taasisi ingesimama. Nadai hivyo pale tu mtu anapokaribia kupoteza kazi, mali, jina au uhuru.

Watafiti wa mifumo ya ERP wamekuta, karibu kila walikochunguza, kwamba wafanyakazi huweka vitabu vya pembeni: jedwali la Excel ambalo halimo kwenye mfumo, daftari la mistari chini ya kaunta, kadi ya zamani ambayo mtunza stoo amekataa kuitupa. Mameneja huliona hilo kuwa ukaidi wa watu wasiotaka mabadiliko, na miradi mingi hupima mafanikio yake kwa jinsi ilivyofuta vitabu hivyo. Vingine ni vya ovyo kweli, na vingine ni maficho ya wizi. Lakini katika ofisi iliyobaki na chanzo kimoja cha ukweli, daftari hilo linaweza kuwa mahali pekee palipoandikwa na jicho lililoona mifuko ikishushwa. Kabla mhasibu mkuu hajaagiza makato, na kabla mkaguzi wa ndani hajaandika neno wizi kwenye ripoti yake, daftari hilo liletwe mezani, mwenye kuliandika akae kando yake, na tofauti kati yake na mfumo ifuatwe siku kwa siku, muamala kwa muamala, huku fundi wa mfumo naye akiwa chumbani na kutakiwa kujibu kwa jina lake.